Kasoro Nyekundu Kwenye Benchi la Pak Sarjo

Alasiri ile, kwenye benchi la Pak Sarjo, mzee muuza kahawa nyuma ya stesheni ya Tugu, Yogyakarta, kaa la moto lilitumbukizwa kwenye kila kikombe cha kahawa, chwaa, na wasomi wanne wasio na kazi wakakaa kuamua hatima ya kompyuta za watu. Shahada wanazo, zinakula vumbi kwenye kuta za mama zao. Miaka miwili wamejitolea kutengeneza mfumo endeshi wa bure wa kufufua kompyuta kuukuu za shule. Toleo la kwanza lilikuwa litoke kesho, Alhamisi Pon, siku ambayo babu yake Gembul, mmoja wa wanne hao, aliipigia hesabu kwa kalenda ya Kijawa kuwa ya heri. Wali wa manjano wa slametan, karamu ya kuombea baraka, ulishaagizwa.

Ndipo Ratri, mwenye kazi ya kuujaribu mfumo, akaleta habari. Mara tano aliuambia mfumo utunze faili za zamani. Mara mbili kati ya hizo ulifuta diski nzima.

Kwenye orodha ya kasoro akaipaka nyekundu. Sheria waliyoitunga wenyewe ilisema nyekundu ikiwepo, toleo halitoki. Sheria hiyohiyo ilisema rangi inaweza kushushwa kwa kura. Wa kuibadilisha ni Pandu, msimamizi wa toleo.

Na Pandu alikuwa na lake. Kampuni moja ya Jakarta ilimwambia waziwazi: toleo likitoka kesho, kazi ni yako; lisipotoka, anapewa mwingine. Miaka mitatu alikuwa akiandika barua za maombi ya kazi.

— Mbili kwa tano si kitu, alisema Gembul, shavu limejaa wali wa pale benchini. Mimi takwimu nilipata chini ya hapo na nikahitimu.

— Ndiyo maana uko hapa, kaka, alisema Ratri.

Dosen, jina la utani lenye maana ya mhadhiri, kwa kuwa alihutubia bila kuajiriwa popote, alidai diski zenyewe zimezeeka, zinatafuta tu kisingizio cha kufa. Gembul akapandisha dau: umeme wa mtaani kwa Ratri ni mchafu. Dosen naye hakukubali kupitwa. Kufutiwa ni faida, akasema, mwanafunzi anaanza na kichwa safi. Gembul akafunga kazi: Ratri alijaribu Jumapili Wage, siku yenye nuksi. Kesho ni Pon, kasoro haitathubutu.

— Kompyuta niliyojaribia ilikuwa na faili za majaribio tu, alisema Ratri. Za shule zina kazi za watu.

Wakapiga kura. Wawili kwa mmoja. Pandu hakupiga, alibofya tu, nyekundu ikawa njano, rangi isiyozuia toleo, kama wali wa slametan.

Ratri alikuwa bado hajamtazama Pandu alipofika Bu Wening, mama mwalimu kutoka Bantul, kofia ya pikipiki mkononi. Shule yake ndiyo ya kwanza kuwekewa mfumo kesho, angeleta kompyuta kumi na nne. Alitaka kuhakikisha tu kwamba faili zitabaki, kwa sababu humo mna rekodi za wanafunzi wakiwahoji bibi zao, na bibi watatu wameshazikwa.

— Nina swali la kijinga, wanangu. Ninyi wenyewe mmeuweka mfumo huu kwenye kompyuta zenu?

Gembul akaacha kutafuna. Dosen akafunika laptopu yake taratibu, kama mtu anayefunika sufuria. Pandu akatazama ya kwake, yenye mfumo wa zamani na barua zake zote za maombi. Hakuwahi kuthubutu.

Pak Sarjo peke yake aliendelea na shughuli, akikoroga sukari.

Pandu akairudisha nyekundu. Hakuna aliyedai kura nyingine.

— Usije kesho, Bu. Samahani sana. Mfumo utakufutia kila kitu.

— Haya. Basi lini?

Simu ya Pandu ikatetemeka juu ya benchi. Jakarta: "Kesho ni uhakika?" Akaigeuza kifudifudi. Kaa lilikuwa limezimika zamani ndani ya kikombe chake. Mwalimu bado alikuwa amesimama, anasubiri tarehe.