Maisha Yangu Yasomwe Kama Nilivyoyaandika

Sogezeni viti, wanangu, mkae mahali ninapoweza kuziona nyuso zenu zote tatu, na wewe Franz kazime ile redio ya jikoni, bei ya nguruwe haitapanda kwa sababu mama yako anakufa. Helena, niinulie mto. Hapo panatosha. Gerhard, usiifungue hiyo Biblia. Najua umekuja nayo na najua umeweka alama wapi, lakini leo nasema mimi, na nikishamaliza utakuwa na miaka mingi ya kuhubiri bila mimi kukujibu.

Daktari amesema siku mbili, pengine tatu. Alisema kwa upole huku akitazama viatu vyake. Nilimwambia hilo halinitishi, kinachonitisha kimekaa nyumbani kwangu na kimevaa koti jeusi la mhubiri.

Mali kwanza, ili iondoke njiani. Ekari themanini za upande wa mto ni za Franz, aliyezilima tangu baba yenu Bernhard alipofariki, na akapanda alizeti mwaka ule kijiji kizima kilipomcheka. Saa ya ukutani ya baba yenu ni ya Gerhard. Nyumba hii ni ya Helena. Usikohoe, Gerhard, karatasi ziko kwa mwanasheria na zimeshapigwa muhuri. Helena ameendesha basi la abiria mjini Winnipeg miaka ishirini na tisa, anarudi jioni kwenye chumba cha kupanga, na ndani ya nyumba hii ndimo utoto wake ulimoharibiwa. Akitaka kuiuza aiuze. Akitaka kuibomoa, Franz, utamletea trekta na hutamuuliza sababu.

Sasa nije kwenye lililowafanya mnyamaze mezani tangu asubuhi.

Mnajua kama ninavyojua kwamba kwetu maiti haendi kaburini kabla maisha yake hayajasomwa kanisani, tangu kuzaliwa mpaka pumzi ya mwisho, na kwamba mzee mwenye akili zake huyaandika mwenyewe, na aliyoyaandika hayaguswi. Ya babu yenu yalisomwa na makosa yake yote ya tahajia. Hata ya yule fundi wa visima aliyeandika kwamba mkewe hakujua kupika, yalisomwa hivyo hivyo, na mkewe ameketi benchi la mbele. Mimi nimeandika kurasa mbili. Nimezitoa katika yale madaftari saba mliyoniona nikiyajaza pale dirishani miaka minne, madaftari ambayo sasa yako kwa mchapaji na yatatoka kitabu mtake msitake. Kurasa mbili hizi ziko chini ya mto wangu, kwa sababu mwanangu wa kwanza ameniandikia maisha mengine.

Ndiyo, Gerhard, niliyaona. Jumanne uliacha Biblia yako hapa kitandani ukaenda kupokea simu, nami nina macho. "Dada yetu Justina alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akajaliwa watoto watatu. Alipenda maua ya bustani na alikuwa mpole." Mpole. Waulize kuku wangu kama nilikuwa mpole. Mamangu alinizaa kwa siku mbili katikati ya theluji, nimeishi miaka themanini na moja, nawe umeniweka ndani ya mistari minne na chungu cha maua.

Sikilizeni basi niliyoyaandika mimi, na asinikatize mtu, pumzi yangu ni ya kupima.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne, baba mdogo Dietrich, mdogo wake baba yangu, alikuwa mwongoza nyimbo wa kanisa letu. Mnakumbuka sauti yake. Alikuwa akianza wimbo peke yake, polepole, kanisa zima likimfuata kama ng'ombe wanaorudi zizini, na wanawake walisema sauti ile haiwezi kutoka kifuani mwa mtu mbaya. Mtu yule alinifanyia katika banda la ng'ombe la baba yangu mambo ambayo mwanamume hamfanyii mtoto, majira ya baridi yote, mpaka mama yangu aliponifuata na taa akaona. Mama akamwambia baba. Baba akawaendea wazee wa kanisa. Polisi hakuitwa, kwetu sisi polisi aliitwa ng'ombe akiibiwa.

Jumapili iliyofuata, ibada ilipokwisha, wanaume wakabaki ndani, wanawake na watoto tukatolewa nje, kama desturi ilivyo wanaume wanapoamua mambo ya kanisa. Ilikuwa Februari. Nilisimama kwenye theluji kando ya mama yangu, wanawake wakitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda, na hakuna hata mmoja aliyenitazama. Ndani, Dietrich alipiga magoti akasema ameanguka na msichana. Hakulitaja jina langu, kwa heshima, walisema. Wakamsamehe. Wote kwa pamoja, kwa kunyoosha mikono, wakamsamehe kwa jambo ambalo hawakufanyiwa wao. Kisha mlango ukafunguliwa, akatoka akiwa na macho mekundu, akanipa mkono, na baba yangu akasimama nyuma yangu mpaka nilipoupokea. Njiani kurudi akaniambia, "Justina, limekwisha. Limezikwa. Atakayelifukua, kuanzia leo dhambi ni yake."

Wiki sita Dietrich alikaa benchi la nyuma. Pasaka ikamkuta mbele, akituanzishia wimbo.

Nami nikaamini. Hapo ndipo penye uchungu wangu, wanangu, kwamba niliamini. Niliamini kuwa msichana mzuri ni yule asiyekumbuka. Nikaolewa na Bernhard na sikumwambia, nikamzaa Gerhard na sikusema, na Helena alipofika miaka tisa, Dietrich akabisha mlango huu siku ya Jumamosi akasema, "Binti yako ana sauti, Justina. Nimfundishe nyimbo."

Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa. Kumkatalia kungekuwa kukumbuka, na kukumbuka ndiko kulikokuwa dhambi. Nikamfungulia. Nikamwekea kahawa na mkate wa siagi. Nikachukua jembe nikaenda bustanini kuchimba viazi, nikachimba mpaka mahali pasipo na viazi, kwa sababu mwili wangu ulijua ambacho kichwa changu kilikuwa kimekatazwa kujua. Jumamosi ishirini na mbili.

Usinishike mkono sasa, Helena. Ukinishika nitalia, na nikilia pumzi itakwisha kabla sijamfikia kaka yako.

Haya, Gerhard. Dada yako alipofika miaka ishirini na tatu, akiwa salama kule mjini, aliniandikia barua. Wewe ulikuwa na miaka ishirini na tisa, umetoka tu kuchaguliwa kuwa mhubiri, koti lako bado lina harufu ya dukani. Uliisoma barua ile kabla yangu. Ukawachukua wazee wawili mkaenda kwa Dietrich, mkamkuta mzee mwenye blanketi magotini, akalia, mkalia naye, mkaomba. Ukarudi ukampigia dada yako simu, nami nilikuwa nimesimama hapo karibu na jiko nikikoroga mchuzi wa malai, nikakusikia kwa masikio yangu ukisema, "Nimeshamsamehe kwa niaba yako, Helena. Sasa jambo limeoshwa, usilichafue."

Alikata simu. Hakukanyaga hapa miaka kumi na moja. Ulisema ana moyo mgumu.

Sikumtetea. Niliendelea kukoroga. Hilo nalo nimeliandika, ukurasa wa pili, mstari wa tatu, msidhani nimejipaka mafuta. Nimeandika, "Mimi Justina nilimfungulia mlango kwa mkono wangu, na nilipojua, nikanyamaza tena." Kama kuna wa kuona aibu kanisani siku hiyo, mimi nitakuwa mbele yenu nyote, nimelala chali, siwezi hata kugeuza uso.

Maji. Kijiko kimoja. Basi.

Franz, wewe unayacheka mambo ili usiyaguse. Mwaka jana uliniuliza, "Mama, hicho kitabu kitauzwa wapi, duka la mbolea?" Nilicheka, na mpaka leo nacheka. Lakini nikuambie nani amekuwa akija hapa. Eva wa dukani, mwenye miaka sabini na tatu, alikuja majira ya kuchipua akaniambia, "Justina, chachu yangu imekufa, nigawie." Aproni yake yenyewe ilikuwa inanukia mkate. Nikamwekea kahawa. Akazungusha kikombe kwenye kisahani, mara nyingi sana, kisha akasema, "Ni kweli unaandika?" Nikamwambia ni kweli. "Na jina unalitaja?" Nikamwambia nalitaja. Akatazama dirishani akasema, "Wangu alikuwa mwalimu wa shule." Akanywa kahawa yake, akachukua chachu asiyoihitaji, akaenda.

Baada yake wamekuja watano. Mmoja alikuja kuuliza jinsi ya kukata tambi, mwanamke aliyekata tambi tangu kabla Helena hajazaliwa. Wa mwisho alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, alirudisha chupa ya matunda ambayo si yangu, akasimama mlangoni na koti lake, hakuketi. Kila mmoja wao alifikiri ni yeye peke yake. Sita, katika kijiji chenye nyumba arobaini, na hao ni wale tu waliopata kisingizio.

Jana, Gerhard, uliniambia, "Mama, achia kitabu kitoke mjini kimyakimya, lakini kanisani tusome maneno ya amani. Fikiria wajukuu. Na marehemu Dietrich hawezi kujitetea." Nikakujibu kwamba Dietrich alipewa miaka arobaini ya kusimama mbele na kufungua mdomo. La wajukuu sikukujibu, nakujibu sasa. Nawafikiria. Binti yako wa mwisho ana miaka minane, na Jumamosi anakwenda kufundishwa nyimbo. Sijui mwalimu wake ni mtu wa namna gani. Wewe unajua? Umewahi kumuuliza mtoto, au kuuliza nako ni kuchafua?

Unatazama sakafu. Sakafu niliipiga deki mimi, nitazame mimi.

Kitabu hakiwezi kuwafikia wote. Wako wanawake hapa ambao waume zao hukagua mpaka kikapu cha sokoni, kitabu changu kitaishia kwenye jiko la kuni. Lakini mazishini hakuna anayetolewa nje. Mazishini wanawake hukaa ndani, na watoto, na wanaume, na hakuna mtu awezaye kusimama katikati ya maisha ya marehemu akaondoka. Hiyo ndiyo siku yangu. Nimeingoja tangu nilipokuwa na miaka kumi na minne, nimesimama kwenye theluji na mlango umefungwa.

Na nataka usome wewe. Helena anaweza kusoma, sauti yake imezoea kutangaza vituo, watamsikia mpaka barabarani. Franz angesoma kama ningemwamuru. Lakini watasema Helena ana moyo mgumu na Franz ni mlevi wa utani. Wewe watakusikiliza. Ulitoa msamaha ambao haukuwa wako kuutoa, kwa mdomo huo huo, na mdomo huo huo ndio nitakaoutumia. Ukikataa, jeneza langu lisivuke kizingiti cha kanisa lile. Nipelekeni moja kwa moja kaburini, Helena asome hapo kwenye upepo, na wewe ubaki ukimweleza kila mtu kwa nini mama wa mhubiri amezikwa kama mgeni. Franz, umesikia. Hilo ni agizo, nawe ndiye utakayeendesha gari.

Nimechoka. Kiti... sogea karibu, Franz. Kichwa chako. Mungu akupe mvua kwa wakati wake, na akupe siku moja, moja tu, ambayo hutatania. Wapende watoto wako kwa kuwauliza. Waulize, mwanangu, hata wakinuna.

Helena. Sasa nishike. Sikuombi unisamehe. Nimeona misamaha ya kutosha inayoombwa na watu wanaotaka kulala vizuri. Usinipe kitu. Mungu akulinde uendako na urudiko, akupe mlango ambao wewe ndiye unayeamua nani auingie. Funguo... ziko kwenye bakuli. Ni zako tangu leo.

Gerhard.

Chukua karatasi. Chini ya mto, upande huu. Usizishike kwa ncha za vidole, hazina ugonjwa. Baraka yako sitaisema. Nimeiandika, chini kabisa ya ukurasa wa pili, baada ya jina la Dietrich, baada ya langu, baada ya lako. Najua unaweza kurusha macho ukaisoma kimya saa hii. Isome ukitaka. Ikisomwa kimya ni wino tu. Lazima ipitie kooni mwako, na yote yaliyo juu yake yatangulie kupita humo, hapa mbele ya dada yako leo, na siku ile mbele ya kanisa.

Hapana, usiniambie utafikiri. Sina... siku za wewe kufikiri.

Vaa miwani yako.

Anza juu kabisa. "Mimi Justina." Sauti, mwanangu, masikio yangu yanaondoka.

Ndiyo. Hapo kwenye jina lake umemeza. Rudi nyuma. Ulitaje lote.

Ndiyo.

Nakusikia. Endelea.