Mama Reverien na Tenti la Mheshimiwa

Bibi Theodosia Niyonkuru, ambaye ofisini tumezoea kumwita Mama Reverien kwa jina la kifungua mimba wake, amelitumikia taifa kwa miaka thelathini na miwili. Tarehe 1 Julai 2025 amestaafu kwa mujibu wa sheria, akiwa na afya njema, meno yote na msimamo uleule aliokuja nao. Leo tumekusanyika hapa Kasulu kumuaga.

Mwenyekiti wa kamati ya sherehe, Mzee Mudathiri, aliniagiza niandike wasifu huu kwa uchangamfu na nisiwachokoze wakubwa. "Andika vya kuchekesha, Nasma," aliniambia. "Hii ni siku ya furaha." Nimemsikia, na vya kuchekesha vipo. Lakini nimefanya kazi chini ya mama huyu tangu nikiwa afisa mpya, na mengine aliyotendewa hayachekeshi hata kidogo. Nitasema yote, na anayetaka kununa anune baada ya chakula.

Mama Reverien alizaliwa Makere, kwa wakulima wa maharage na mihogo. Mwaka 1993 aliajiriwa Kibondo kama karani wa masijala. Akajiendeleza kwa masomo ya masafa huku akilea watoto, akapanda ngazi bila kushikwa mkono na mtu. Sheria ya gharama za uchaguzi ilipokuja, watumishi wengi walikikwepa kitengo kipya kama wanavyokwepa zamu ya sikukuu. Kazi yenyewe ilikuwa kuhakikisha kila mgombea anaeleza fedha za kampeni yake zimetoka wapi na zimekwenda wapi, na anayedanganya anaadhibiwa. Hakuna aliyetaka kugombana na waheshimiwa wa kesho. Mama Reverien aliomba mwenyewe kuhamishiwa huko, na mpaka leo sijamfahamu mwingine aliyeomba.

Alikuwa akifika kwenye mikutano ya kampeni na kigoda chake na chupa ya chai ya tangawizi, anakaa pembeni, anasikiliza. Masufuria ya pilau yalikuwa yakimwona yanarudi nyuma ya nyumba. Mgombea mmoja aliwahi kumwambia kwamba vipaza sauti vyote viwili, jenereta na gari la kuvibebea ni vya mjomba wake, amemwazima tu kwa mapenzi, kwa hiyo havihusiki na gharama. Mama Reverien akaomba kumwona mjomba. Mjomba akaletwa, mzee wa watu, akaulizwa kuhusu jenereta yake, akauliza jenereta ni nini.

Tena kuna ile ya fulana. Mgombea aliandika kwenye taarifa yake kwamba alichapisha fulana chache za mawakala. Mama Reverien hakubishana naye. Alipanda gari la ofisi tukaenda soko la Nyarugusu, kwenye kambi ya wakimbizi, ambako hakuna hata mpiga kura mmoja. Huko tulikuta sura ya mgombea imetundikwa kwenye kila kibanda cha nguo, maana wananchi walikuwa wamegawiwa fulana wakaenda kuziuza. Mama mmoja Mkongomani akatuita: "Mama, hizi ni bon prix, bei poa, utabeba ngapi?" Mama Reverien alinunua moja kama kielelezo, akaomba risiti, na mgombea akaandika taarifa upya.

Hapo ndipo vichekesho vinapoishia.

Katika kampeni za mwaka 2020 alitokea mgombea udiwani mmoja, mfanyabiashara wa mbao, Bwana Ntirampeba. Huyu hakugawa fulana. Yeye alikuwa anahudhuria misiba. Akisikia kuna kilio kwenye kata, lori lake linafika kabla ya padri: tenti kubwa jeupe lenye picha yake pande zote nne, viti, mchele na fahali. Ukimuuliza, anasema ni rambirambi. Na nani atasimama mbele ya wafiwa aseme rambirambi ni rushwa? Kwetu huku kumsitiri mfiwa ni utu, na mtu aliyekuletea fahali siku ya msiba unabaki unamwinamia. Bwana Ntirampeba alilijua hilo vizuri, akaugeuza utu wetu kuwa mtaji wake wa kura. Mimi jambo lile lilinichefua tangu siku ya kwanza, na linanichefua hadi leo.

Kabla hatujajua tumshike vipi, mama mzazi wa Mama Reverien akafariki, hukohuko Makere. Tulikwenda ofisi nzima kumpa pole. Tukiwa uani, lori likaingia na tenti lake. Kaka wa marehemu hakuwepo tena duniani, kwa hiyo mkubwa wa familia alikuwa Nduwayezu, kaka yake Mama Reverien. Nduwayezu akawapokea wale vijana wa lori kwa mikono miwili, na mawingu yalikuwa yameshafunga.

Mama Reverien alitoka ndani akiwa amejifunga khanga kiunoni, macho yamevimba. Akaliangalia lile tenti likifunguliwa. Kisha akanigeukia. "Nasma, mimi leo ni mfiwa, siwezi kuwa afisa," alisema. "Andika wewe." Halafu akamwambia dereva apakie vitu vyake vyote arudi navyo.

Nduwayezu alimkabili kwa Kiha mbele ya watu: "Urasaze?" Alikuwa anamuuliza kama ameshikwa na wazimu. Akaendelea kwa Kiswahili ili na sisi wageni tusikie. "Mama amelala ndani, mvua inakuja, wewe unafukuza tenti?"

"Sijafukuza mtu," Mama Reverien alimjibu. "Bwana Ntirampeba akitaka kumlilia mama, aje, nitampa mkeka. Lakini picha yake haikumjua mama."

Lori likaondoka, mvua ikanyesha. Wanawake walijifunika majani ya migomba. Jeneza lilibebwa kwenye tope na wabebaji wakateleza mara kadhaa, na tuliorudi kutoka makaburini tulikula maharage tukiwa tumelowa. Nililia sana siku ile, na si marehemu peke yake niliyekuwa nikimlilia. Tangu hapo pale kijijini Mama Reverien akapewa jina la aliyemnyeshea mama yake. Wengine walimwita mkimbizi anayejifanya anaijua sheria, mwanamke aliyezaliwa palepale na kitovu chake kimezikwa palepale. Nduwayezu akaacha kabisa kusema naye. Kila Krismasi dada mtu alimtumia sukari na kitenge cha wifi yake, na kila Krismasi mzigo ulirudi haujafunguliwa.

Niliandika nilichokiona, kama nilivyoagizwa. Uchaguzi ulipokwisha, Bwana Ntirampeba, sasa mheshimiwa diwani, alileta taarifa yake ya gharama: mafuta ya pikipiki na mabango. Tenti halimo, fahali hayumo. Akaitwa kwenye kikao. Alikuja na suti, akasema kwa uchungu mwingi, "Mimi nilikwenda kulia na wenzangu. Sasa hata kulia mnatoza?" Baadhi ya wajumbe wakatikisa kichwa kwa huruma.

Mama Reverien alikuwepo kama shahidi tu. Aliomba kuuliza swali moja. Akamwomba mheshimiwa ataje marehemu yeyote wa mwaka uliotangulia, mwaka usiokuwa na kura ya diwani, ambaye tenti lile lilifika msibani kwake. Hakuna aliyetajwa, kwa sababu tenti lilinunuliwa mwezi uleule kampeni zilipoanza. Katika kata yake watu walikuwa wanakufa miaka yote na walizikwa bila yeye.

Basi alipatikana na kosa. Na sasa naomba wasomaji mnivumilie, maana hapa ndipo damu inaponichemka. Alipigwa faini ndogo kuliko bei ya lile tenti. Aliilipa siku hiyohiyo, akatabasamu, akatuomba risiti, akaenda zake kwenye kiti chake cha udiwani. Msimu uleule Winifrida, muuza dagaa wa Makere aliyegombea kwa kutembea kwa miguu, alichelewa kuleta taarifa yake kwa sababu ya homa ya mtoto. Hakuwa amegawa hata njugu. Yeye alizuiwa kugombea tena. Mama Reverien aliandika kupinga adhabu ile, akajibiwa kwamba sheria ni sheria. Nimeitafakari sana kauli hiyo. Sheria ilikuwa sheria kwa muuza dagaa, na kwa mwenye lori ikawa risiti.

Haikupita miezi miwili, Mama Reverien akapewa barua ya kuhamia tena Kibondo, kwa manufaa ya umma. Umma upi, haikuandikwa. Mwanamke wa umri wake alianza upya kwenye chumba cha kupanga, na wakubwa waliomhamisha wamealikwa hapa leo na watakula vizuri tu.

Kibondo hakukaa akinung'unika, kazi hiyo aliniachia mimi. Aliwaita wagombea wa vyama vyote, hasa wale wasio na wanasheria, akawafundisha kujaza taarifa zao mmoja mmoja, mpaka hakukuwa tena na Winifrida mwingine wa kuadhibiwa kwa homa ya mtoto. Waliokuwa wanaficha, aliwafuata hadi misibani. Kule nako walizoea kusema, "Punguzeni, mama wa kigoda amefika." Mwaka 2023 alirudishwa Kasulu, bila maelezo, kama alivyoondolewa.

Sasa nieleze kwa nini mnasoma programu hii chini ya maturubai ya kuanikia mahindi.

Wiki mbili zilizopita Mzee Mudathiri alitutangazia kwa furaha kwamba sherehe imepata mhisani: tenti, viti na fahali. Nikauliza mhisani ni nani. Mtakuwa mmeshajua. Mwaka huu ni wa uchaguzi, na mheshimiwa anataka kurudi. Nilipopandisha sauti, Mzee alinibembeleza. "Mama amestaafu, Nasma, si afisa tena. Na huu si msiba." Nikaenda kumwambia mwenyewe. Alikuwa anachambua maharage, na hata hakuinua uso. "Mwambieni Mzee nitakuja," alisema. "Nitakaa nje ya tenti, pale juani, niwapungie mkono."

Namshukuru Mzee Mudathiri, kwani aliposikia jibu hilo alikirudisha kila kitu yeye mwenyewe. Tulitafuta tenti za kukodi mji mzima tukazikosa, zote zimeshawahiwa na watia nia wenye huzuni nyingi kwa ajili ya misiba ijayo. Tukakubaliana wageni wakae juani, na programu ikaenda kuchapwa.

Jana mchana nilikwenda kuizuia kwa mchapaji ili niongeze habari ya maturubai. Kuna mzee alifika ofisini kutoka Makere, nyuma ya pikipiki, amekumbatia furushi la maturubai, lake na ya majirani aliowaomba, bado yana pumba za mahindi. Alikuwa Nduwayezu. Alikataa chai, akakataa kukaa. "Nimesikia mmelirudisha lile tenti," alisema. "Mama yetu alinyeshewa. Huyu asichomwe na jua." Kisha akaniomba nisimwambie dada yake kwamba amekuja, na nimetii mpaka dakika hii anaposoma pamoja nanyi.

Mama Reverien, watumishi wenzako tunakushukuru kwa kutufundisha kwamba uaminifu una gharama zake, na kwamba wewe ulizilipa zako zote bila kuficha hata moja. Tunakuombea uzee mwema kwenye shamba lenu la kahawa kule Muyama, miti izae, miguu isiume, na wajukuu wakukimbilie. Kigoda tumekifungia nyuma ya gari, usikisahau.

Hotuba zitasubiri. Geuka nyuma, safu ya mwisho, karibu na jiko. Kaka yako ameniahidi kuwa pale na koti la kijivu, na kiti cha pembeni yake atakiwekea kofia ili mtu mwingine asikikalie.

Nasma Saady,
kwa niaba ya watumishi wenzako, Kasulu