Phinées na motokari ya courant ku njia ya Beni

Pa kona yetu, hapa Butembo, kuko banc moja ya mbao yenye miguu tatu na jiwe moja. Mi naitwa Ézéchias, fundi ya viatu. Ile banc iko mbele ya mulango yangu, lakini hakuna mutu anasemaka ni yangu. Pembeni, Mama Débora anauzishaka kahawa ya milima yetu, ya moto ya kuunguza ulimi. Wa kwanza kukuya kila asubui ni Papa Siméon, ule tunaita Mazout, mafuta ya malori, juu alitembeza camion ya Kasindi, ku mupaka ya inchi, miaka makumi tatu. Nyuma yake anafika Ananie, tunamuita Directeur. Alifundisha batoto ya primaire mupaka ndevu ikakuwa nyeupe. Siku ile ya Jumatano wote wawili waliacha kahawa ipoe, juu Phinées, taximan wetu, alisimamisha motokari yake mupya mbele yetu. Aliuzisha Corolla yake ya zamani, akaingiza kwa Kasindi kamotokari keupe, kadogo, kasiyojua essence wala mazout.

— Kanakula nini? Mazout akauliza.

— Courant tu, Papa. Kama telefone.

— Ndjo maana naogopa. Telefone yangu inaonesha batterie imejaa. Nikisema allo, inakufa. We utasema allo mu mupando ya Maboya na batu ine ndani?

Directeur akazunguka motokari mara mbili, mikono nyuma ya mugongo, kama mutu anasahihisha dictée.

— Mi shida yangu ni mvula. Siku utaingia mu kidimbwi, kila mutu mwenye kuweka muguu mu ile matope, kwisha.

— Directeur, waliifunga muzuri. Ilipita mu mvula ya Kasindi.

— Mvula ya Kasindi ni ya plaine, kule chini, haina nguvu! Na radi ya huku juu? Radi itasikia harufu ya ile batterie, itakufuata mupaka ku parcelle, pa nyumba yako.

— Mi naogopea ampoule yangu, Débora akasema. Tangu Phinées aanze kuchomeka ile motokari juzi, inakuwa kama mushumaa.

— Mama Débora, courant ya quartier ndjo iko kidogo. Hapana motokari.

Mazout akainua kidole.

— Mais hamujafika ku mambo yenyewe. Wale walioitengeneza wako na bouton kule kwao. Siku watakumbuka motokari yao, wanafinya. Inageuka yenyewe, inashuka Kasindi, inapita douane.

— Na mimi ndani?

— Na wewe ndani. Unatupungia mukono tu.

Tulicheka mupaka Débora akamwanga kahawa. Telefone ya Phinées ikalia. Akasikiliza, akasema «ndiyo, docteur» mara tatu, akapiga telefone ingine mbili, akaikala pa banc.

Mama yake, Mama Kaswera, alikuwa ameenda kusalimia binti yake kule Oicha, mbele ya Beni. Tumbo likamukamata, wakamupasua ku hôpital moja ya Beni. Sasa siku kumi zilikuwa zimepita.

— Wanamutosha leo, Phinées akasema. Kitanda yake iko na mutu mwengine anaingojea.

— Motokari iko pour cent ngapi? nikauliza.

— Cinquante-deux, nusu na kidogo. Jana courant ilikatika quartier yote.

Pale hakuna mutu alicheka tena. Kwenda Beni ni kilometre makumi tano na kitu, na ni kutelemuka. Kurudi ndjo kupanda. Na ile njia yetu, kila mutu anajua, hapana ya kubakia ndani wakati jua linazama, juu ya batu ya bunduki mu pori.

— Pata motokari ingine, Directeur akasema pole pole.

— Nilipiga telefone kwa wenzangu wawili sasa hivi, mumesikia. Wote wako mbali. Na kumupandisha pa pikipiki, Directeur? Na nyuzi mu tumbo?

Mazout akamaliza kahawa yake mara moja.

— Donc twende. Ukibaki mu njia, utahitaji mutu anajua kusukuma.

Nikafunga mulango, nikaingia nyuma.

Kwenda ilikuwa kama mchezo. Mu mutelemuko moja ya kisha Kabasha, Phinées akaonesha kioo kidogo mbele yake: ilikuwa makumi ine, sasa makumi ine na moja.

— Inaongezeka? Mazout akashangaa. Bila mutu kuipa kitu?

— Ikitelemuka, inajirudishia courant yenyewe.

Mazout akainama mbele, macho pa kioo, kilometre nzima. Kama singemujua miaka ile yote ya camion, ningesema mutu huyu anasali.

Tulifika Beni na makumi tatu na sita pa kioo. Directeur, pa telefone, alitufanyia hesabu: kupanda kunataka karibu makumi ine. Phinées akatupeleka kwa Jéthro, shemeki yake, fundi ya soudure. Jéthro alikuwa anaunganisha mulango ya chuma ya kanisa, na mwenye kazi alikuwa amesimama pale pale.

— Nikichomeka motokari, soudure haitawaka, Jéthro akasema. Courant yangu haitoshi kazi mbili.

Phinées akaanza kukunja kamba ya courant. Hakuomba.

— Ni juu ya mama? Jéthro akauliza.

— Ni juu ya mama.

Jéthro akatosha miwani ya soudure, akageukia ule mwenye kazi.

— Papa, kanisa itangojea masaa mbili.

Ikangojea masaa mbili na nusu. Tulipomutosha Mama Kaswera ku hôpital, alikuwa amekonda, kitambaa kimefungwa muzuri kichwani, mukono pa tumbo. Tulimulaza nyuma, kichwa pa magoti yangu. Kioo ilikuwa inasema makumi tano.

Kupanda ikaanza kula. Makumi ine. Makumi tatu na tatu. Ku Kabasha barabara ilikuwa na matope, magurudumu yakazunguka bure, tukapoteza mbili pale pale. Jua lilikuwa linashuka upande wa pori.

— Zima radio, Mazout akasema. Zima ile upepo. Sasa nisikilize, mutoto yangu. Usikimbilie mupando. Hii njia naijua kama mudomo yangu. Kisha ile kona kuko mutelemuko mufupi: achilia, iache ijilishe.

— Hapa?

— Hapana bado. Hapa usiguse frein, usiizuie. Sasa! Achilia!

Kioo ikapanda moja. Mazout akapiga goti lake kama mutoto aliyeona but ya mupira.

Basi vile tulienda, kona kwa kona. Mutu aliyekataa ile motokari asubui ndjo alikuwa anaibeba na mudomo. Maboya tulipita na kumi na nane. Kwa mupando ya mwisho ilikuwa sita, na Mazout akaweka mukono ku mulango.

— Nishuke, nipunguze uzito. Nitafika na miguu.

— Papa, hapa hakuna mutu anashuka, Phinées akasema. Tunafika wote, ao tunabaki wote.

Mazout akatosha mukono. Alitazama inje, akajipangusa uso na kofia.

Tulifika pa kona na mbili tu pa kioo, taa za Butembo zinaanza kuwaka. Débora alikuwa hajafunga. Directeur alikuwa amesimama mu barabara. Phinées alizima, akaweka paji la uso pa volant, ule usukani, akabaki vile. Halafu akakuya kumuamusha mama yake, na mi nikashangaa: kumbe tangu Kabasha alikuwa analala.

Tukamuikalisha pa banc katikati yetu. Débora akamupa maji ya moto. Wakaanza tena, kila mutu na sauti yake: Directeur anasema ni hesabu yake ilituokoa, Mazout anasema ni kona zake, Débora anasema ni maombi, Phinées anasema ni Jéthro. Mama Kaswera alisikiliza, akanywa kidogo, akatazama ile motokari nyeupe yenye matope mupaka ku madirisha.

— Wasingya, aksanti, batoto yangu, akasema. Sikusikia kitu mu tumbo. Sikusikia hata kama tunatembea. Mais muniambie: zile zingine zote tumepanda tangu zamani, zilikuwa zinapiga kelele juu ya nini?

Directeur akamuangalia Mazout. Mazout, na miaka yake makumi tatu ya camion, akamuuliza Phinées kamba ya courant iko wapi.