Nani Alimuita Nehemiya

Kijiwe chenyewe kilikuwa ubao mmoja tu juu ya matofali, mbele ya kibanda cha Nehemiya fundi baiskeli, pale Misiera, njia ya kuelekea Base Camp, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Ubao ulikuwa mrefu kuliko matofali yake, kwa hiyo wa mwisho huku akiinuka bila kuaga, wa mwisho kule anajikuta kwenye vumbi na kikombe chake. Yudita aliuza pale kahawa ya tangawizi, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko tangawizi yenyewe. Laurent, mkimbizi kutoka Fizi, waliyemwita Avoka, yaani wakili, ingawa mlango wa korti hakuwahi kuuona, ndiye aliyefundisha nusu ya Nakivale namna ya kujibu kwenye intavyu za ukimbizi. Na Afande, Mnyankole mwenye mvi, alipika miaka kumi na miwili katika kambi ya jeshi Mbarara, na sasa alikuwa akizunguka kununua maharage ya Juru. Jumapili ile ya kiangazi, mwaka 2013, ibada zilikuwa zimekwisha, watu wamekula, na wote watatu walikuwa na shughuli moja: Nehemiya.

Kesho yake, saa nne asubuhi, Nehemiya alitakiwa Mbarara mbele ya wazee wa shule moja inayofundisha wamisionari. Masomo ni miezi kumi, kuanzia mwezi wa nane mpaka wa tano, halafu mtu anatumwa. Hiyo ilikuwa mara yake ya pili kuitwa, na barua ilisema wazi kwamba ya tatu haipo. Alikuwa na miaka thelathini na nne, na tangu baba yake afariki hakutaka kitu kingine duniani.

Mwaka uliopita, jamani, alijiharibia mwenyewe. Wazee watatu walimwambia, “Ndugu, tupe ushuhuda wako.” Nehemiya akakaa wima, akaweka mikono mapajani, akaanza vile alivyozoea tangu afike Uganda: jina lake, jina la baba, jina la mama, namba ya kadi, tarehe ya kukimbia, walikuwa wangapi njiani, walivukia wapi mpaka, nani aliwaona. Dakika ishirini nzima. Miaka yote hiyo kila aliyemkalisha kitini na kumwambia ajieleze alikuwa anataka hayo, na ulimi ulikwisha kushika njia hiyo. Mzee mmoja akaweka kalamu chini, akamwambia kwa upole kwamba pale hawatoi ukimbizi, wanauliza ni nani aliyemuita katika kazi ya Mungu. Nehemiya akajibu kwamba anao mashahidi watatu, wote wanakaa Kashojwa, wanaweza kuletwa. Akarudishwa nyumbani siku ileile.

– Tuanze tena, Avoka akasema. Miye niko muzee wa shule. Nehe, nani alikuitaka ku kazi ya Mungu?

– Mungu.

– Aa! Kila mutu atasema Mungu. Fasi gani? Tarehe gani? Ulikuwa na nani?

– Avoka, si njo ile bale bazee balikatala?

– Balikatala juu ulisema bila mupango. Sikiliza, miye nilifanyaka intavyu mara kenda.

– Na uko hapa, Yudita akadakia. Intavyu mara kenda, na uko unakunywa kahawa ku Misiera.

Kicheko kikawapasua wote, hata Avoka mwenyewe. Nehemiya alicheka kidogo tu.

– Acha mimi naambia yeye, Afande akasema. Ile shule iko kama jeshi. Mimi najua kambi. Saa kumi ya usiku, filimbi! Nyote kwa laini!

Akainuka kuonyesha vile mtu anavyosimama kwenye laini. Ubao ukapaa upande wake, na Avoka, aliyekaa mwisho wa pili, akateremka mpaka chini, kahawa yote kwenye suruali ya ibada.

– Banange! Pole, ssebo. Pole sana.

– Mutu mukubwa namna hii! Avoka alifoka huku akijipangusa. Hata kuaga hapana!

– Sasa sikia, Nehemiya, Afande akaendelea bila aibu yoyote. Wale wazee nanyoa wewe nywele. Nakupa jembe, unalima shamba ya shule mpaka mgongo nalia. Ugali ya posho na maharage, posho na maharage, miezi kumi. Halafu natupa nyinyi porini siku tatu, Biblia moja na chumvi kidogo. Mwenye narudi, huyo ndiye misionari.

– Na mwenye hanarudi? Nehemiya akauliza.

– Huyo naye nafika mbinguni. Kazi imekwisha.

– Porini si kitu, Yudita akasema. Bamoja balinielezea. Mule ndani banafundisha kukula bitu byote: nyoka, panzi, chura. Juu ukitumwa ku inchi ya mbali, utakatala chakula ya batu? Banakuwekea chura mu sahani, na muzee iko anaangalia uso yako. Ukikunja uso, rudi Nakivale.

– Na kunyamaza, Avoka akaongeza, maana hakupenda kuachwa nyuma. Wiki mbili bila kusema neno. Halafu katikati ya usiku banakuamsha, banakuuliza maulizo ileile ya siku ya kwanza. Ukibadirisha kitu kimoja, dosye yako, ile faili, imefungwa. Njo maana nasema, Nehe, tupange sasa. Useme uliona ndoto.

– Sikuona ndoto.

– Nani atajua? Mutu wa nguo nyeupe, amesimama juu ya ziwa la Nakivale.

– Weka farasi, Afande akashauri.

– Ndoto ni ya bei chini, Yudita akasema. Kila mutu ku kanisa iko na ndoto. Useme ulikufaka. Ulikufa masaa mawili, bakakufunga na shuka, ukaamka.

– Masaa mawili ni kidogo, Avoka akasema. Siku tatu.

– Eh, Laurent! Siku tatu ni ya Bwana mwenyewe! Unataka batoto ba watu bapigwe na radi?

Walibishana pale mpaka wakakubaliana juu ya siku moja na nusu. Nehemiya alikuwa ameinamisha kichwa, anageuza mkononi mpira wa ndani wa gurudumu uliotobolewa na mwiba. Aliwapenda watu hawa, na aliona wazi kwamba wakimsaidia zaidi ya hapo atafukuzwa Mbarara kabla ya kuketi.

– Baba hakufanya shule, akasema. Hakuna mutu alimuuliza tarehe.

Baba yake alikuwa Eliyabu muinjilisti, na hata Avoka wa Fizi alimfahamu, kwa kuwa mzee yule aliishi hapa hapa Nakivale mpaka akazikwa, mwaka 2008, na siku ya mazishi watu wa makabila yote walifunga vibanda vyao.

– Ule muzee, Avoka akasema taratibu. Alikuwa na kile kicheko.

– Kule kwetu milimani, Nehemiya akasema, alikuwa anatoka nyumbani Siku ya Tatu, ile Jumatano ya hapa, anarudia Siku ya Mungu. Kutembea tu. Kilima iki, kilima ile. Biblia ndani ya karatasi ya sukari, fimbo, na koti moja. Batu balikuwa banasikia anaimba kabla bamuone. Bamama banasema, Eliyabu anakuya, wekeni maziwa.

– Maziwa ya kule, Yudita akaguna, na macho yake yakaenda mbali. Si iyi ya hapa ya kuongeza maji.

– Ya kibuyu, yenye harufu ya moshi. Baba hakunywa kabla batoto banywe. Na ng'ombe akiwa mugonjwa, anauliza jina yake, anaombea ng'ombe na jina. Batu banacheka, lakini banamupelekea tu.

– Ng'ombe nayo naombewa? Afande akauliza. Kwa Wanyankole pia hiyo ingekuwa kitu kizuri.

– Siku moja nilikuwa mutoto, nilienda naye. Mvua ikatukuta. Tukaingia mu nyumba ya mutu hatujue hata jina yake. Ule mutu akatoa batoto bake ku kitanda, akatupa. Asubuhi baba akashuka naye kulima, hakuhubiri hata kidogo. Alilima naye mpaka saa sita. Ku njia nikamuuliza, baba, mbona haukuhubiri? Akacheka tu.

Nehemiya aliikumbuka ile asubuhi mpaka baridi ya udongo chini ya vidole vyake, na alitamani baba yake awe hai. Na vile vilima, na majani yenye umande, na yeye ana miaka tisa na hajui kwamba mtu anaweza kuondolewa fasi kama ile.

Mama mmoja alikuwa amesimama pembeni muda wote huo, amejitanda kitenge, viatu vyake vya plastiki vimeshonwa kwa uzi. Hawakumjua. Alisalimia kwa lugha ya milimani, Nehemiya akaitikia, halafu yule mama akaingia Kiswahili ili wote wasikie, akiokota neno moja moja. Jina lake Kantengwa. Alikuwa na wiki tatu tu tangu afike, bado analala kwenye hema za wageni pale Base Camp.

– Karibu, mama, Yudita akasema, akamsogezea kikombe. Kunywa kwanza. Iyi si ya kulipa.

– Aksanti. Ku kanisa balinielekeza hapa. Weye ni mutoto wa Eliyabu muinjilisti?

– Njo miye.

– Miye natoka Musirabo.

Nehemiya aliuacha ule mpira ukaanguka. Musirabo ilikuwa kilima cha mwisho katika mzunguko wa baba yake, kule juu kabisa, mbali na Uvira. Alidhani pale hapakai mtu tena.

– Kuko batu?

– Balirudia. Tuko nyumba makumi tatu na kitu. Kanisa ya baba yako imesimama, paa tu njo ilienda. Kila Siku ya Mungu tunakusanyika. Tunaimba zile tunajua. Muzee Rubeni anashika Biblia, lakini macho yake ilikufa, anasema ile alishika ku kichwa, na ni ileile kila siku. Tukiisha, tunakaa kidogo, tunarudia nyumbani.

Alikunywa funda moja.

– Mwezi wa pili nilizika bwana yangu. Hapakuwa mutu wa kusema neno. Niliomba Baba Yetu miye mwenyewe, na nikaipoteza katikati. Sasa wakati niliamua kukimbia, bale bazee balinifunga na neno. Balisema: ukifika Nakivale, tafuta ba kwa Eliyabu, ubaulize.

– Utuulize nini? Nehemiya akasema.

– Mutatutumia muhubiri lini?

Aliuliza bila lawama, kama mtu anayeuliza lori la maharage linafika saa ngapi. Kisha akangoja, kwa kuwa ametumwa na alitakiwa kutuma jibu kule. Yudita akaanza kufuta birika ambalo lilikuwa safi. Pale Misiera peke yake walikuwepo wachungaji kumi na mmoja, mashemasi wasiohesabika, na kwaya nne zilizogombana, wote wametoka kule. Kila mmoja wao alijua hivyo.

– Mama, Avoka akasema mwishowe, hapa tuko bakimbizi.

– Najua, baba, Kantengwa akajibu. Balisema niulize.

Nehemiya aliogopa, na hakuna haja ya kumsitiri. Alikuwa amejiona mara nyingi akimaliza shule na kutumwa: Karamoja, Tanzania, labda hata ng'ambo, kwa watu wapya wasiojua jina lake. Hakuna usiku hata mmoja aliojiona amesimama Musirabo. Kule walikufa ndugu zake wawili, na wale waliowaua huenda bado wanapita sokoni.

Avoka alimvuta mkono, akasema kwa sauti ya chini, ingawa kila mtu alisikia.

– Nehe, ndugu yangu. Kesho bakikuuliza nani alikuita, sema ile ndoto. Ama sema ulikufa, sema yote unapenda. Iyi usiiseme. Ukisema iyi, batakukubali, na batakutuma kulekule. Ukirudia kule, kadi yako imekufa, na weye pia unaweza kufa. Nakuomba.

Nehemiya alimtazama. Alijua kwamba mtu yule, pamoja na ujuaji wake wote, hakuwahi kumshauri kwa moyo kama sasa, na alimshukuru moyoni. Lakini alimgeukia Kantengwa.

– Mama, kutoka soko ya kule chini mpaka Musirabo, ni siku mbili ya kutembea?

– Ni tatu. Daraja ilianguka, batu banazungukia kule juu.

– Na wakati gani mutu anapita muzuri?

– Mwezi wa sita, Kantengwa akasema. Maji inakuwa imeshuka.

Shule ingekwisha mwezi wa tano; Nehemiya akatikisa kichwa kukubali, akamuuliza kama kule juu bado kuna nyumba za kulala njiani. Avoka, aliyekuwa bado amemshika mkono, akaanza kulia palepale mbele ya watu, na hakuna aliyemwambia anyamaze.