Ghala la Kufuli Tatu

Ndugu waombolezaji, majirani na wanaushirika, tunayemsindikiza leo ni shangazi yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Kufuli, naye hakulichukia jina hilo.

Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951, mtoto wa tatu wa mkulima wa kahawa, katika nyumba iliyo juu kidogo ya kiwanda cha kukoboa, akasoma shule ya msingi hapa hapa, kisha sekondari hadi kidato cha pili, alipoacha ili mdogo wake wa kiume apate nafasi.

Mwaka 1970 aliajiriwa na ushirika kuchambua kahawa, na tarehe 16 Desemba 1972 alifunga ndoa na fundi seremala, wakajaliwa watoto wanne, ambao wote wapo hapa.

Kila Machi hadi Mei kahawa ilikuwa ingali mbichi mtini, malipo yameshaliwa, na watoto wakilala na uji mwepesi, ndipo mwaka 1986 akawashawishi majirani kupanda maharage kati ya mistari ya kahawa, migomba ya kivuli, na viazi vikuu mipakani, kila kaya ikileta fungu la maharage makavu kwenye ghala moja la pamoja. Mwaka wa kwanza ufunguo alikaa nao mwenyewe, na kwa kuwa hakuwa na moyo wa kumnyima mtu, Machi ilipofika ghala lilikuwa na panya tu. Mwaka uliofuata alitia mlangoni kufuli tatu, funguo akawapa wanawake watatu wasiosalimiana, kila mmoja wake, akisema kwamba watu wasiokunywa chai pamoja hawawezi kula njama. Mdogo wake alipokuja Januari kuomba maharage ya harusi ya shemejiye, akamwita dada askari jela wa maharage, alijibiwa kwamba harusi ni siku moja, tumbo ni la kila siku, akanuna hadi Aprili, nyumba yake ilipolishwa na ghala hilo hilo, na msimu uliofuata akaleta fungu maradufu bila kuulizwa.

Aliugua moyo tangu Novemba, akalazwa hospitali ya wilaya tarehe 2 Aprili 2023, na akafariki tarehe 11 asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea maji na kuni, na wachambuzi wenzake waliofunga kazi kuja kumzika. Zamani msiba wa Aprili ulimwumbua mkulima, wageni wakiondoka na njaa, lakini jana na leo mmekula mkashiba, na akiba ya kutufikisha kwenye mavuno ipo.

Shangazi, umetulisha vya kutosha, pumzika kwa amani.