Joash Ongeri na Sanduku la Swichi

Marehemu Joash Ongeri Angwenyi alizaliwa Suneka tarehe 3 Machi 1931, mtoto wa kwanza wa Mzee Angwenyi na Mama Bathsheba. Mimi Abner, ninayewasomea, ndiye kitinda mimba wao.

Alisoma shule ya misheni, kisha akafunzwa kazi ya umeme Nairobi. Alikuwa mtundu tangu utotoni. Siku moja aliifungua saa ya mhubiri ibada ikiendelea, akairudisha mezani ikitembea, na mhubiri hakujua.

Mwaka 1964 aliajiriwa fundi wa umeme katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Nyansiongo. Mwaka uliofuata alimwoa Drusilla Kwamboka, wakajaliwa watoto wanne.

Pale kiwandani, sanduku la swichi za mashine lilikuwa karibu na tanuri la kukaushia majani. Likifungwa, swichi ziliungua kwa joto. Likiachwa wazi, vumbi la chai lilijaa ndani na cheche zikaruka. Joash alivuta bomba jembamba kutoka kwenye mtungi wa kompresa, mashine ya kushindilia hewa, akaliingiza sandukuni, akafunga mlango kabisa. Hewa ikaingia ikipiga mluzi, joto likasukumwa nje kupitia tundu la juu, na vumbi likakosa njia. Sharti lilikuwa moja tu: kila jioni maji yanayojikusanya chini ya mtungi yamwagwe, hewa isije ikayasukuma hadi kwenye umeme. Kwa miaka minane hakuna swichi iliyoungua.

Jumamosi asubuhi, tarehe 15 Septemba 1973, sisi Wasabato tukiwa kanisani, mashine zilizimika. Mwendesha mashine, Mogire, akafungua sanduku. Lilikuwa limelowa ndani, umeme ukamuua papo hapo. Watu walisema hewa ya Ongeri ndiyo iliyomuua. Walisema sokoni, wakasema hata kwenye matanga. Wakubwa walipomhoji, alijibu tu kwamba mtambo ule ni wake. Akafutwa kazi.

Tangu hapo hakuweza kustahimili mluzi wa hewa. Karabai ikiwashwa, alitoka nje. Drusilla alimkuta mara nyingi ametega sikio ukutani, akiuliza kama maji yamemwagwa. Mara nyingine Joash alimwambia kwamba Mogire yumo ndani, anataka kufunguliwa. Vidonda vya tumbo vilimwandama, akafariki hospitalini Kisii siku ya Jumanne, tarehe 7 Novemba 1978.

Ameacha mjane wake Drusilla, watoto wanne, na mimi ndugu yake.

Haya yanayofuata hayamo kwenye karatasi mlizoshika. Niliona haya kumpa mpiga chapa. Jioni ile ya Ijumaa, mkesha wa ajali, wa kumwaga maji nilikuwa mimi, maana nami nilikuwa kibarua kiwandani pale. Jua lilikuwa linatua, Sabato inaingia, nikaona ni dhambi kugusa kazi. Nikaenda zangu nyumbani. Baada ya mazishi ya Mogire nilitaka kusema, Joash akanishika mkono.

"Nyamaza, Abner. Mke wako ni mjamzito. Acha waseme ni mimi."

Nikanyamaza miaka mitano, nikiendelea na kazi kiwanda kile kile, nikimtazama ndugu yangu akiisha.

Mama Walter, mjane wa Mogire, nakuona umekaa pale nyuma. Miaka yote hii umemlaani mtu asiye na kosa. Aliyekufanya mjane ni mimi, niko mbele yako.

Pumzika, Joash. Kuanzia leo nitaulizwa mimi.