Dorine Chepngeno na Kadi Namba Kumi na Saba

Tarehe 31 Desemba 1998, Sista Dorine Chepngeno atastaafu baada ya kuitumikia Hospitali ya Misheni ya Kapmosonik kwa miaka thelathini na miwili. Ibada ya kumuaga ni saa nne asubuhi. Wanaomfahamu watafika saa nne kasoro robo.

Alizaliwa Kipkelion, binti wa mfanyakazi wa reli, na pengine ndiko alikotoa tabia ya kuitazama saa kila baada ya dakika tano. Alianza hapa mwaka 1966 kama muuguzi wa wodi ya wazazi. Baadaye alihamia kwa watoto, kisha kwenye upasuaji, ambako aliwahi kumrudisha daktari mgeni mlangoni akanawe mikono upya. Daktari alinawa, na tangu siku hiyo akawa anamwita Mama.

Lakini kazi ambayo wengi wetu tutamkumbukia ni ile ya chanjo. Mwaka 1993 madaktari watafiti walituomba tushiriki kujaribu chanjo dhidi ya melanoma, saratani ya ngozi ambayo kwa watu wetu huanza mara nyingi kama doa jeusi kwenye unyayo. Wagonjwa ishirini na wanne waliokwisha kufanyiwa upasuaji walikubali. Nusu wangedungwa chanjo yenyewe, nusu maji ya chumvi, ili ijulikane kama chanjo inazuia ugonjwa kurudi. Nani anapata nini ilikuwa siri iliyofungiwa Nairobi. Hata Dorine, aliyedunga sindano zote, hakujua. Yeye alikuwa na namba tu, zilizoandikwa kwenye kadi za wagonjwa.

Mwanzo ulikuwa na vichekesho vyake. Chanjo ilihifadhiwa katika mtungi wa baridi kali, sawasawa na ule ambao mhudumu wa mifugo hubebea mbegu za fahali. Uvumi ukaenea. Mzee mmoja alikubali kudungwa baada tu ya kuuliza kama fahali mwenyewe ni wa maziwa mengi. Dorine alimfungulia mtungi, akamwonyesha chupa na maandishi yake, na mzee akakunja mkono wa shati, ingawa sidhani kama alisadiki.

Sindano zilianza Januari 1994, kila baada ya wiki mbili. Asubuhi moja ya Machi, mvua ilikuwa imenyesha na Dorine akaamuru kila mtu avue gambuti mlangoni. Mwenye kadi namba kumi na saba alipoketi, Dorine alitazama nyayo zake. Hazikuwa na kovu lolote la upasuaji.

Kadi hiyo ilikuwa ya Cheptoo, mkulima wa chai kutoka Kapsoit. Aliyeketi pale alikuwa Shirley, wifi yake. Hakuona haya hata kidogo. Alieleza kwamba Cheptoo anaumwa mguu hawezi kutembea, kwa hiyo yeye amemshikia zamu mara tatu tayari, isije nafasi ikapotea. Kwenye kituo cha kununulia majani chai, kikapu hupimwa kwa namba ya mkulima, awe amekibeba nani. Namba ni ya boma, alisema, na akanyoosha mkono adungwe.

Dorine hakumdunga. Foleni ilikuwa ndefu siku zile, naye alikuwa akisoma namba bila kutazama uso. Mara tatu alikuwa amemdunga mtu asiye mgonjwa, akamtoa damu ya vipimo na kuiandika kuwa ya Cheptoo. Akilisema hilo, utafiti wetu ungeweza kufungwa, wagonjwa wengine wakakosa sindano, na yeye mwenyewe akafutwa kazi akiwa amebakiza miaka minne kufikia pensheni. Mimi, karani wa rekodi, nilimshauri afute mistari hiyo mitatu daftarini na kuanza upya na Cheptoo. Aliniomba kalamu. Aliwaandikia watafiti wa Nairobi kurasa mbili, na kosa akaliweka kwa jina lake, si la Shirley. Naona aibu kulikumbuka shauri langu hadi leo.

Kabla ya barua hiyo kutumwa, alikuwa ameshafika Kapsoit. Alimkuta Cheptoo kitandani, na uvimbe wa ukubwa wa yai kwenye kinena. Ugonjwa ulikuwa umerudi, na kwenye karatasi zetu namba kumi na saba alikuwa anaendelea vizuri sana. Alipasuliwa wiki hiyohiyo.

Nairobi walitusimamisha kwa miezi mitatu. Dorine alipewa barua ya onyo, akaniletea niiweke kwenye faili lake, kisha akafungua faili kuhakikisha nimeiweka. Tuliporuhusiwa kuendelea, hakuna aliyedungwa kabla ya kuvua viatu na kukaguliwa unyayo na kinena. Kwa ukaguzi huo wagonjwa wawili walionekana mapema, na wote wawili wako hai.

Cheptoo aliishi hadi Agosti 1996. Majibu yalikuja Novemba mwaka uliofuata: chanjo haikusaidia. Waliodungwa chanjo na waliodungwa maji ya chumvi waliugua sawa. Tungeweza kutuma barua. Dorine aliomba gari, na kwa siku tisa tulizunguka kila nyumba, hata za waliokwisha kufariki, nami nimeshika orodha.

Mwisho tulifika kwa Kimeli, mume wa Cheptoo. Dorine alimwambia mkewe alipewa chanjo ya kweli, na haikumfaa. Kimeli akauliza jambo moja tu: katika hicho kitabu cha madaktari, Cheptoo ameandikwa alipona au aliugua? Dorine akamjibu kwamba ameandikwa aliugua. Kimeli akashukuru, akaenda mwenyewe kutuletea chai.

Sista Dorine, asante kwa miaka yote thelathini na miwili. Wafanyakazi wote wa Kapmosonik tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na maisha ya raha huko nyumbani.